Vitabu vya kujifunza kuishi na maumivu sugu: kipi kinakufaa wewe?

Maumivu yakishapita miezi 3 bila kukuachia, madaktari huyaita sugu. Kufikia hapo mtu ameshapigwa picha, ameshameza vidonge vya kila rangi, ameshaambiwa vipimo havioneshi tatizo kubwa, na bado usiku anageukageuka kitandani akitafuta upande usiouma. Wengi huanza kutafuta kitabu wakiwa katika hali hiyo, na wanafanya vyema. Kuna vitabu vizuri vilivyoandikwa na watu waliokaa miaka mingi na wagonjwa wa maumivu. Shida ni kwamba hupangwa rafu moja kana kwamba vyote vinafanya kazi moja. Mtu akichukua kisichomfaa hukisoma sura mbili, hukitupa, na kibaya zaidi hujiona ameshindwa yeye.

Ushauri wangu ni huu: chagua kitabu kwa kuangalia maumivu yamekufanya uishi vipi. Yanauma wapi ni swali la pili. Uwe unaumwa mgongo, goti au shingo, uwe na fibromayalgia (maumivu yaliyoenea mwili mzima) au mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari, sura nyingi utakazosoma ni zilezile. Tofauti kubwa iko kwako: je, wewe ni mtu wa kujilazimisha mpaka unaanguka, mtu wa kuogopa hata kuinama, mtu ambaye akili yake haitulii, au mtu aliyesimamisha maisha akisubiri siku ya kupona?

Wanapokubaliana wote

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia yao ya lango la maumivu. Kabla yao, maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba kidole kikiumia, habari husafiri moja kwa moja hadi kichwani, na ukubwa wa jeraha ndio ukubwa wa maumivu. Wao walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo habari hizo zinaweza kuongezwa au kupunguzwa, na kwamba ubongo wenyewe hutuma amri za kufungua au kufunga njia. Usingizi mbaya, hofu, upweke na hasira vinaweza kulifungua lango. Mwendo, utulivu na kushughulika na jambo unalolipenda vinaweza kulifunga kidogo.

Vitabu vyote nitakavyovitaja vimesimama juu ya wazo hilo. Hakuna hata kimoja chenye busara kinachosema unaigiza. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliporekebisha fasili yake mwaka 2020 kiliandika wazi kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe. Ukikutana na kitabu kinachokufanya uone aibu kwa kuumwa, kirudishe.

Na tuelewane kuhusu kiasi cha kutarajia. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio mengi ya tiba, kuhusu tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu uliona kwamba tiba ya mawazo na tabia, inayomfundisha mtu kuyahoji mawazo yake na kubadili mazoea yake, na ambayo ndiyo mama wa vitabu vingi hivi, huleta nafuu ndogo katika maumivu, katika uwezo wa kufanya kazi na katika huzuni. Nafuu ndogo, tena kwa watu waliokutana na mtaalamu uso kwa uso. Kitabu peke yake hakiwezi kuahidi zaidi ya hapo. Lakini kwa mtu aliyeacha kwenda sokoni kwa sababu hawezi kusimama, nafuu ndogo inaweza kuwa ndiyo safari ya sokoni.

Vitabu vya maelezo na vitabu vya kazi

Hizi ndizo aina mbili zinazochanganywa sana, kwa hiyo nitakaa nazo.

Kitabu cha maelezo kinakufundisha maumivu ni nini. Walioipa nguvu njia hii ni David Butler na Lorimer Moseley wa Australia, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hoja yao kuu ni kwamba maumivu ni kengele ya hatari, na kengele inaweza kuwa kali kupita kiasi: ikishalia muda mrefu, mishipa ya fahamu hujifunza kuipiga hata kwa jambo dogo. Mwili unaouma kwa miaka si lazima uwe mwili unaozidi kuharibika.

Kwa mtu mwenye hofu, habari hiyo pekee inaweza kumbadilisha. Chukua majibu ya picha za mgongo. Mtu anasoma "diski zimechakaa", yaani vile vito vilivyo kati ya pingili za mgongo, na kuanzia siku hiyo anatembea kama amebeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za uti wa mgongo za watu wasioumwa kabisa: dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu wasioumwa! Kwa wengi uchakavu huo ni kama mvi, unakuja na umri. Kitabu cha maelezo kinakupa habari hii polepole, kwa michoro, mpaka hofu inapungua na unathubutu kuinama tena kuokota kiatu.

Udhaifu wake ni kwamba kinaishia kichwani. Unakifunga ukiwa umeelewa vizuri sana kwa nini unaumwa, lakini asubuhi bado hujui ufue nguo ngapi.

Kitabu cha kazi kinaanzia hapo. Babu yake ni Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliyetoa kitabu cha njia yake kwa wataalamu mwaka 1976. Fordyce aliona jambo ambalo kila anayeishi na maumivu atalitambua: mgonjwa anafanya kazi mpaka maumivu yamshinde, ndipo apumzike. Mapumziko yanakuwa zawadi ya kuumwa. Vivyo hivyo na dawa inayomezwa pale tu maumivu yanapopanda. Akageuza mpango wote. Kazi ikakatizwa kwa saa au kwa idadi iliyopangwa kabla, na dawa ikatolewa kwa saa maalumu, maumivu yawe juu au chini.

Tazama inavyokuwa kwenye ukurasa. Tuseme shida yako ni kusimama jikoni. Siku 3 mfululizo unapima muda wa kusimama kabla maumivu hayajaanza kupanda: dakika 8, dakika 13, dakika 9. Wastani ni 10. Unatoa moja ya tano, unabaki na 8. Hizo 8 ndizo kipimo chako cha kuanzia. Kila baada ya dakika 8 unakaa, hata kama siku hiyo unajisikia una nguvu za kulima shamba, na hata kama ni siku mbaya unajaribu kuzifikia. Wiki inayofuata unaongeza dakika 1. Kwenye kitabu kuna jedwali la kujaza, na safu ya mwisho inauliza ulifanya nini, haikuulizi uliumwa kiasi gani.

Siku nzuri ndiyo mtihani mgumu kuliko siku mbaya. Mtu akiamka ana nafuu hufua, hudeki, hupanga kabati lote, kisha hulala siku mbili akilia. Wanaojilazimisha namna hii wamejaa katika kila kliniki ya maumivu, na mara nyingi ni watu wachapakazi sana ambao jamii imewasifu maisha yao yote kwa kutokaa chini. Kuwaambia wakae dakika ya 8 huku sufuria moja imebaki kuoshwa ni kuwaomba jambo zito. Kitabu kizuri cha kazi kinalijua hilo na kina sura nzima juu ya mawazo yanayokusukuma: "nikipumzika ni mvivu", "watanichoka", "nisipofanya mimi hakuna atakayefanya". Kinakufundisha kuyaandika, kuyahoji, na kujibu kwa maneno yenye haki zaidi kwako.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: kama unaogopa mwendo, kama kila kichomo kinakufanya ufikirie saratani au kiti cha magurudumu, anza na maelezo. Kama unajua vizuri kwamba mwendo hauwezi kukuvunja lakini wiki yako ni kupanda na kuporomoka, ruka maelezo, nenda moja kwa moja kwenye kazi. Na kama pesa au nguvu zinatosha kitabu kimoja tu na huna uhakika wewe ni nani, mimi ningekupa cha kazi. Vingi vina sura fupi ya maelezo mwanzoni, wakati vya maelezo ni nadra kuwa na majedwali yanayotosha.

Vitabu vya utulivu

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts programu kwa wagonjwa ambao tiba za kawaida zilikuwa zimefika mwisho. Wengi wao walikuwa na maumivu sugu. Vitabu vingi vya utulivu vinavyouzwa leo ni wajukuu wa programu hiyo. Unalala chini, unapeleka akili kwenye vidole vya mguu, kisha kisigino, kisha kifundo, ukipanda mwili mzima bila kutaka kubadilisha chochote. Ukifika panapouma unakaa hapo pia, unaangalia: yanachoma, yanavuta, au yanapiga kama mapigo ya moyo? Yana kingo? Yanahama? Kinachotafutwa ni kutenganisha kuumwa kwenyewe na zile hadithi zinazofuata, kwamba itakuwa hivi milele, kwamba sina maana tena.

Sasa, kati ya utulivu na kazi, kipi bora? Hapa tuna jibu lenye namba. Mwaka 2016 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, lilichapisha jaribio la watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya kiuno, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: programu ya utulivu, tiba ya mawazo na tabia (ile iliyo nyuma ya vitabu vya kazi), na matibabu ya kawaida tu. Baada ya wiki 26, uwezo wa kufanya shughuli ulikuwa umeboreka vya kutosha kwa takriban asilimia 61 ya kundi la utulivu, asilimia 58 ya kundi la mawazo na tabia, na asilimia 44 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Njia mbili za kwanza zilifungana. Zote ziliipita ya tatu.

Ninalichukulia jibu hilo kama ruhusa: fuata tabia yako. Anayependa kalamu, orodha na mistari atafanya vizuri na kitabu cha kazi. Anayechoshwa na kujaza fomu, anayeomba au kukaa kimya kwa urahisi, atadumu na utulivu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujachukua cha utulivu. La kwanza ni muda: programu ya asili inaomba takriban dakika 45 kwa siku, na mzazi mwenye watoto wadogo hana dakika 45 za kulala chini akiwa macho. Siku hizi vipo vitabu vyenye mazoezi ya dakika 10, ni bora uanze navyo kuliko uache kabisa. La pili ni zito zaidi. Mtu aliyewahi kudhulumiwa mwili wake, au kupona ajali mbaya, anaweza kupata mshtuko anapoambiwa afumbe macho na kuuchunguza mwili. Kwake ni afadhali kuacha macho wazi na kusikiliza sauti za nje, au kufanya haya akiwa na mtaalamu. Kitabu kisichotaja hatari hii hata mara moja kimeandikwa kwa haraka.

Tena, hakikisha kina sauti iliyorekodiwa. Huwezi kusoma maelekezo na kulegeza misuli kwa wakati mmoja.

Vitabu vya kukubali

Aina hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa sababu mtu akisikia "kubali maumivu" anasikia "kata tamaa". Chimbuko lake ni kazi ya Steven Hayes na wenzake nchini Marekani tangu miaka ya 1980, na kinachokubaliwa si maisha ya kuumwa. Unakubali kwamba vita ya kuyaondoa maumivu imekula miaka na hujashinda, na kwamba unaweza kwenda kwenye harusi ya binti yako nayo yakiwepo.

Kitabu cha namna hii kitakuuliza maswali yanayouma kwa njia nyingine. Ungekuwa mzazi wa aina gani kama maumivu yasingekuwepo? Umeahirisha nini ukisubiri kupona? Kisha kitakuambia uchague kitendo kimoja kidogo cha wiki hii kinachoelekea huko. Aliyependa kuimba kwaya anarudi kusikiliza mazoezi akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto, kabla hata ya kuimba.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 kuhusu maumivu sugu ya msingi, yaani yasiyoelezeka vya kutosha na ugonjwa mwingine, uliitaja njia hii sambamba na tiba ya mawazo na tabia kuwa za kufikiriwa, pamoja na mazoezi ya mwili. Kwa hiyo ina uzito. Ninampendekezea zaidi mtu aliyeumwa miaka mingi, aliyezunguka kwa kila daktari na kila mganga, ambaye majedwali ya dakika yanamfanya ajisikie mtoto wa shule. Simpendekezei aliyeanza kuumwa juzijuzi. Huyo bado ana haki ya kutafuta chanzo, na kumwambia akubali ni kumwahisha.

Vinavyoahidi kuyafuta kabisa

Utaviona, na vina mvuto. Vinasema maumivu yako yametokana na hofu au hisia zilizofungiwa, na ukilielewa hilo yataondoka. Zamani ningekushauri upite mbali. Siku hizi ninasema kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mwaka 2022 jaribio la watu 151 wenye maumivu ya mgongo lilionesha kwamba asilimia 66 ya waliopewa tiba ya wiki 4 ya kuufundisha ubongo kuyasoma maumivu kuwa si hatari walibaki bila maumivu au karibu bila maumivu, ikilinganishwa na asilimia 20 ya waliopewa sindano isiyo na dawa na asilimia 10 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Hayo ni matokeo makubwa.

Lakini soma masharti yake. Walikuwa na mtaalamu wa kuwaongoza mara mbili kwa wiki, na walichaguliwa kwa sababu maumivu yao ya mgongo hayakuwa na chanzo cha wazi mwilini. Kitabu kinachochukua matokeo ya namna hiyo na kumwahidi mwenye baridi yabisi, selimundu au endometriosisi (ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake) kwamba atapona kwa kubadilisha fikra kinamdhulumu. Akishindwa kupona, kitamwachia maumivu na hatia juu yake.

Ukiwa umekishika mkononi

Usianze na sura ya kwanza. Tafuta sehemu inayozungumzia siku maumivu yanapochachamaa. Kitabu kilichoandikwa na anayewajua wagonjwa kina mpango wa siku hizo: ufanye nini saa ya kwanza, upunguze kazi kwa kiasi gani, umwambie nani, urudi vipi kwenye kipimo chako. Kisicho na sehemu hiyo kimeandikwa kwa ajili ya siku nzuri, na siku nzuri hazihitaji kitabu.

Angalia kinasema nini kuhusu dawa. Kikikuhimiza uziache mwenyewe, kiache hapohapo. Dawa za jamii ya mofini, gabapentini (dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu) na dawa za sonona zikikatwa ghafla zinaweza kukuletea madhara makali, na hupunguzwa kidogokidogo chini ya daktari.

Angalia pia uzito wake, ninasema hili kwa dhati. Mwenye viganja vinavyouma hawezi kushika kurasa 600, na mwenye shingo mbovu hatamaliza sura akiwa ameinama. Maumivu na kukosa usingizi huchosha akili pia, kwa hiyo sura za kurasa 5 zenye zoezi moja zitakufikisha mbali kuliko sura tamu za kurasa 40. Kama kusoma ni kazi, tafuta chenye toleo la kusikiliza.

Usikisome peke yako kama unaweza kukwepa. Mtu mmoja anayekuuliza kila Jumamosi umefikia wapi, awe mwenza, rafiki au fiziotherapisti wako, anatosha. Kitabu cha mazoezi ni rahisi kukiacha katikati, na kuulizwa husaidia kuzuia hilo. Mwenza akisoma japo sura ya kupumzika kwa saa, ataacha kukuambia "kaa tu nitafanya mimi" siku zote, na ataacha pia kushangaa kwamba jana uliweza na leo huwezi.

Yapo ambayo hayasubiri kitabu chochote. Ukianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, mguu ukianza kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukipungua uzito bila sababu, ukiwa na homa pamoja na maumivu mapya ya mgongo, au kama uliwahi kutibiwa saratani na sasa kuna maumivu mapya yasiyotulia, muone daktari mapema. Na kama maumivu yamekufikisha kwenye kutamani kufa, mwambie mtu leo, daktari au mtu wako wa karibu. Hapo unahitaji binadamu kabla ya kurasa.

Baada ya kuanza, kipe kitabu wiki 6 hadi 8 za kufanya, kusoma tu hakuhesabiki. Mwanzoni andika kwenye daftari mambo matatu ambayo maumivu yamekunyang'anya, kwa maneno ya kawaida: kutembea hadi kwa jirani, kukaa kwenye ibada yote, kumbeba mtoto. Mwishoni usiangalie kama maumivu yametoka 7 hadi 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Angalia kama lolote kati ya hayo matatu limerudi hata nusu yake. Kama hakuna lililosogea na mazoezi uliyafanya kweli, badilisha aina: kutoka maelezo nenda kazi, kutoka kazi nenda kukubali. Peleka na lile daftari kwa daktari wako, kwa sababu majedwali ya wiki 8 yatamwonesha jinsi unavyoishi vizuri zaidi kuliko dakika chache za kujieleza kwenye kiti cha kliniki.